Mtandao wa Watu Kumi na Tisa

Nakiri: niliomba kujiunga mara mbili, na mara zote nikakataliwa. Kwa muda mrefu nimekana mbele ya kila aliyeniuliza hapa Nchelenge, kando ya ziwa. "Mimi? Pamoja na wote wanaonisoma kwenye mitandao mikubwa? Nitafute nini huko?"

Huko ni kompyuta ndogo jikoni kwa jirani yangu, mama aliyevuka kutoka Kongo, fundi wa mashine na mwanikaji wa chisense, vile vidagaa vya ziwa letu. Mtandao aliuunda mwenyewe. Una wanawake kumi na tisa, wote waanikaji. Hauna matangazo, hauna wageni, hauna wa kukupigia makofi. Anayeona wingu anaandika, wenzake wanakimbia kuanua. Sharti ni moja: huingii mpaka umeanua samaki wa mwenzako.

Ombi langu la kwanza lilikuwa na kurasa tatu na tanbihi.

Kabla ya la pili, niliona wingu likija kutoka ng'ambo. Nilikaa barazani nikalieleza kwa ustadi kwenye mtandao mkubwa, na watu wa miji nisiyoijua wakalisifu. Chisense ya jirani ikalowa yote, hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Kesho yake, bila haya, nikaenda kuomba tena.

"Mama wa vitabu, mvula uliiona?"

"Niliiona."

"Ukafanya nini?"

"Nikaiandika."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi anika ile maandishi yako, tutakula."

Jumamosi iliyopita wingu lilirudi, jirani akiwa sokoni. Nilikuwa nimevaa gauni la harusi ya mpwa wangu. Nikatupa simu kwenye sofa, nikatoka mbio bila viatu. Nilianua kwa beseni, kwa kitenge, kwa mapazia yangu. Nilimwaga samaki juu ya sofa, juu ya vitabu, juu ya shahada yangu niliyoishusha ukutani ikawa sinia, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha jua likatoka. Halikuanguka hata tone.

Simu ikalia mahali fulani chini ya samaki. Nikaifukua.

"Wananiambia umeanua yangu."

"Ndiyo, lakini mvua haikunyesha."

"Nani alikuuliza mvula? Weye sasa ni mutu wa makumi mbili. Ila, mama, ukiandika, maneno tano tu. Ukipitisha, nakufukuza."

Nikafungua mdomo nimshukuru kwa urefu unaostahili. Alikuwa amekwisha kukata simu.