Oili ya Msumeno na Miguu Yangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mliozaliwa mkakuta viatu vinawangoja mlangoni, kaeni mnisikilize. Shule sikusoma sana, naandika kama ninavyosema, na asiyependa anyamaze. Kuna harufu moja ambayo ikinipitia puani hata leo naacha ninachofanya: harufu ya petroli iliyochanganyika na mafuta ya nyonyo. Petroli peke yake hainitishi. Nyonyo peke yake ni harufu ya mama yangu, aliyekaanga mbegu za mbarika mpaka zikakaribia kuungua, ndipo akazitwanga na kuzichemsha, na mafuta yake yakanuka moshi kuliko ya wanawake wengine wote wa kambi yetu. Lakini hizo mbili pamoja ni harufu ya siku ambayo nyumba yetu ilivunjika.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, kwenye shamba la miwati, miti ya magome ya kulainishia ngozi, kati ya Njombe na Makambako. Baba alikuwa mkata miti, na mwaka ule walimpa msumeno wa mashine, wa kwanza kuonekana upande wetu. Ulilia hata mbwa wakajificha. Wanaume walimwonea wivu, maana mwenye msumeno hakubeba magogo. Mama na mimi tulikuwa nyuma yake pamoja na wanawake wengine, tukibandua magome kwenye miti iliyolala, mdogo wangu akiwa mgongoni kwa mama. Na ilikuwa Juni, msiyoijua ninyi mnaolala na mablanketi mawili. Asubuhi sakitu, umande ulioganda, ilikuwa nyeupe juu ya majani, nasi tunaikanyaga peku. Miguu yangu ilipasuka magaga mpaka damu ikatoka, nikawa natembea kwa kando ya nyayo kama kuku mwenye funza miguuni. Mama alinipaka nyonyo, haikusaidia.

Sasa, msumeno ule haunywi petroli tupu. Petroli lazima ichanganywe na oili, kwa sababu ndani yake hakuna kitu kingine cha kulainisha chuma kinachosuguana na chuma. Fundi Hamisi wa Makambako ndiye aliyemfundisha baba: kibaba kimoja cha oili kwa dumu moja la petroli, tikisa, ndipo umimine. Oili hiyo baba aliiweka jikoni kwa mama, karibu na mafiga, kwa kuwa kule ghalani baridi iliifanya nzito isimiminike. Mama alikuwa ameiona mikono ya Fundi Hamisi. Mtu huyo alishinda kutwa ndani ya oili, na viganja vyake havikuwa na ufa hata mmoja. Akawaza kama mama yeyote angewaza. Kila jioni akawa ananipaka oili ya msumeno miguuni, na alichochota akakijazia kwa nyonyo yake, mpaka chomboni ikabaki karibu nyonyo tupu. Zote nzito, zote za rangi ya asali. Mafuta ni mafuta, aliona hivyo. Mama alikosa. Sisemi kwamba hakukosa.

Msumeno ulikufa asubuhi ya baridi kali, katikati ya mti. Ulipiga kelele nyembamba, ukakwama, na kamba ya kuwashia ikagoma. Nyapara, tuliyemwita Kiboko kwa sababu ya kile alichoshika mkononi, akatuma watu Makambako, na Fundi Hamisi alifika jua likiwa limesimama. Kazi zikasimamishwa, watu wote wakakusanywa kushuhudia. Fundi aliuweka msumeno juu ya kisiki. Ulikuwa umepoa, kamba sasa ikavutika, lakini kwa ulegevu, kama unavuta mkia wa mbuzi aliyekufa. Akasema pumzi ya mashine imekwisha, ndani haishiki tena. Akafungua plagi: kavu, nyeupe kama jivu. Akafungua ekzosi, akainama, akachungulia kwenye tundu, kisha akamwita baba naye achungulie. Nilikuja kuona mwenyewe baadaye, ilipotupwa: pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani, imekwaruzwa michirizi toka juu hadi chini, kama uso wa mtu aliyepigana na chui.

"Msumeno huyu ameunguzwa," fundi akasema. "Amekimbizwa bila oili."

"Nimechanganya, fundi," baba akasema. "Kibaba kwa dumu, kama ulivyonionyesha. Naapa kwa kaburi la mama."

Fundi hakubishana naye. Aliomba dumu. Akalikuta halijatikiswa tangu asubuhi, akamimina polepole kwenye sufuria: petroli safi, nyeupe kama maji. Akaendelea kumimina, na chini kabisa kikatoka kitu kizito kama uji uliopoa. Akakinusa, akacheka. Nyonyo, kwenye baridi kama ile, haishikani na petroli. Inazama chini inalala. Baba alikuwa ameunywesha msumeno petroli tupu tangu alipouwasha, huku akiamini amechanganya. Fundi akamalizia, naye hakuwa na ubaya, alikuwa anamaliza kazi yake tu: "Basi oili yenyewe imekwenda wapi?"

Hapo ndipo watu walipoacha kuitazama mashine. Sufuria ikapitishwa, kila mmoja ananusa. Mama Zeno, jirani yetu aliyebandua magome bega kwa bega na mama, aliyetugawia mahindi yake ya kuchoma siku ile ile, akapaza sauti akicheka: "Nyonyo ya kuungua hiyo, mnauliza ya nani? Mtazameni binti yao miguu, inang'aa kama ya bwana harusi!"

Kiboko akanivuta mkono, akanipandisha juu ya kisiki kando ya msumeno. Akamwamuru fundi anuse miguu yangu. Fundi alisita, akainama, akapitisha kidole kwenye ufa wa kisigino, akakinusa. "Ni oili," akasema, akatazama pembeni. Nilikuwa nimesimama pale pamoja na pistoni, sote wawili tumefunguliwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kiboko akamwambia baba. "Haya, mwizi ni wewe au ni mwanamke?"

Baba angeweza kusema ni yeye. Mama alimtazama, nami nilimtazama. Alinyoosha kidole. "Ni huyu," akasema. Kiboko akachukua sufuria ile, akammwagia mama kichwani yote iliyobaki, petroli na nyonyo, ikamwingia machoni, mdogo wangu mgongoni akipiga mayowe. Watu walicheka. Jioni baba akamrudisha mama kwao, kijiji cha Kichiwa, na mtoto mgongoni, mimi nikabakizwa kwa shangazi kwa kuwa nilikuwa nimeanza kufaa kwa kazi. Mama hakurudi tena. Kesho yake baba hakupewa msumeno mwingine. Alibeba magogo mpaka mgongo ukapinda. Na miguu yangu, mkitaka kujua, ilipona. Oili ile ilikuwa dawa kweli. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku hizi misumeno imejaa Njombe kama majembe. Mjukuu wangu anayo miwili, anakata mipaini, na watoto wake wanavaa soksi. Nilidhani tumeyapita yale. Juzi akaja na mmoja umekwama, akaufungua hapo uani, akachungulia, akaona michirizi. Badala ya kujiuliza alichanganya vipi, akamgeukia mkewe: "Mama Neema, nani amegusa oili yangu huko jikoni?" Kisha akawapanga watoto mstari. "Leteni mikono niinuse."

Nikainuka kwenye kigoda. Nikawaambia, na neno hilo limesimama hadi leo: "Mkono wa mtoto haunuswi katika nyumba hii. Chuma chenu kipelekeni kwa fundi, na oili itoke jikoni sasa hivi, kabla ugali haujasongwa."