Kanuni mpya ya bunduki na sikio la mtoa zaburi

Juu ya jiko la Tormod MacAskill, kati ya sufuria ya uji wa shayiri na soksi mbili za sufu, kuna bomba jeusi la chuma, refu kuliko kiganja. Limesimamishwa mdomo chini ili maji yachuruzike.

Asiyejua anaweza kudhani ni kipande cha pikipiki. Ni kipunguza sauti, kile kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili mlio usimpige mpigaji masikioni.

Ni saa mbili asubuhi, mwezi wa Januari, na kisiwa chetu cha Harris, huku kaskazini ya mbali, bado kiko gizani. Tormod, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anamalizia uji akiwa amesimama. Analipapasa bomba kuona kama limekauka, kisha analitia mfukoni mwa koti. Mkewe, Oighrig, anamwambia afunge mlango. Anatoka, anauacha wazi.

"Hakusikia," anasema Oighrig, kisha anacheka. "Au amesikia. Siku hizi sina hakika, na hiyo ni habari njema."

Kazi ya Tormod ni kupunguza kulungu wa mlimani. Wakiachwa, hula miche yote, na majira ya baridi yakiwa makali hufa wenyewe kwa njaa. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari, huwa anawinda majike. Katika msimu mmoja hushusha zaidi ya kulungu mia moja.

Asubuhi hii anatambaa kwa tumbo kwenye majani yaliyolowa, mbwa wake Fraoch nyuma yake. Anatulia, anatega sikio la kulia, anasikiliza. Kulungu hawajaonekana bado. Amewasikia wakikanyaga maji nyuma ya kilima. Ndiyo maana hawezi kuziba masikio kama wapiga shabaha wa uwanjani.

Anapopiga, mlio unasikika mpaka bonde la pili. Fraoch hashtuki.

"Watu wameona sinema," anasema Tormod akiifuta bunduki. "Wanadhani itatoa sauti kama ya paka anayepiga chafya. Hapana. Bado ni bunduki. Kinachopungua ni kile kibao cha sikioni."

Zamani kifaa hicho kilihesabiwa kama bunduki yenyewe. Kiliandikwa kwenye leseni, na usiku kililala ndani ya kabati la chuma, kimefungwa kwa ufunguo. Wawindaji wengi wa huku walikikausha kwanza jikoni, maana mvua ya Harris huingia kila mahali. Tormod hakuthubutu. Kila jioni alikifunga kikiwa kimelowa.

Calum, mwindaji wa bonde la jirani, alimtania kwa miaka.

"Wewe Tormod, bomba unalifungia ndani kama binti wa mchungaji," alimwambia. "Hata yeye huachiwa akaote moto kidogo."

Tormod alijibu kwamba sheria ni sheria. Kutu ikalila bomba kutoka ndani, na mwaka juzi, msimu wa majike ukiwa umeanza tu, likapasuka.

Kupata jingine kulihitaji leseni ibadilishwe. Alituma ombi. Anasema hamlaumu mtu, maombi yalikuwa mengi na wa kuyashughulikia wachache. Lakini msimu haungoji. Akapanda mlimani na bunduki isiyo na bomba. Alijaribu kuziba sikio la kushoto kwa pamba ya kondoo, ikawa inadondoka kila alipotambaa.

Ilipofika Krismasi, sikio lile lilikuwa linalia mchana kutwa. Hakumwambia mtu.

Kwa mtu mwingine labda isingekuwa kitu. Lakini Tormod ndiye aliyekuwa mtoa zaburi wa kanisa letu, kama baba yake kabla yake. Hatuna kinanda wala kwaya. Mtoa zaburi huimba mstari peke yake, waumini wakauitikia taratibu, kila mmoja akiipamba sauti kwa namna yake, naye husikiliza. Wimbi la sauti likianza kushuka, ndipo hutoa mstari unaofuata. Asiyesikia wimbi hawezi kuongoza.

Jumapili moja ya Februari, Tormod alitoa mstari wa pili wakati watu wakiwa bado katikati ya wa kwanza. Akatoa na wa tatu juu ya wa pili. Alipotazama mbele, aliona midomo inakwenda ambako hakutegemea.

"Niliona nimewakata wote," anasema. "Ni kama kumfungia mtu mlango usoni akiwa anaongea. Nikamaliza, nikakaa. Sikuinuka tena."

Ruairidh, mvuvi wa kamba mwenye sauti nzuri, akaombwa kushika nafasi. Muuguzi aliyempima Tormod alimweleza kwamba uwezo uliokwenda hautarudi, lakini kelele za ndani zingeweza kutulia kama sikio halitapigwa tena. Oighrig alimwambia aache kazi. Tormod akajibu kwamba nyumba ni ya kazi, akiacha wanahama, na yeye hajui kazi nyingine.

Ombi lake lilikuwa halijajibiwa kanuni zilipobadilika. Vipunguza sauti vikaondolewa kwenye orodha ya vitu vinavyoandikwa kwenye leseni. Mwenye leseni halali ya bunduki anaingia dukani, anaionyesha, ananunua, anaondoka.

Tormod alikwenda mjini Stornoway wiki hiyohiyo. Alionyesha leseni, akalipa, kisha akabaki amesimama mbele ya meza. Mwenye duka akamuuliza anasubiri nini.

"Nasubiri uandike," alisema Tormod.

"Siandiki kitu. Nenda nyumbani, baba, unazuia mlango."

Si wote waliofurahi. Bibi mmoja alilalamika kwamba sasa majangili watajaa mlimani wasisikike. Tormod alimwalika asimame uani siku ya kazi. Bibi alisimama, akasikia mlio, akasema sawa, ila mbwa wake hakuupenda.

Msimu huu umekwenda mpaka sasa bila sikio kupigwa. Mlio wa ndani umeshuka polepole. Sasa husikika usiku tu, anasema, kama birika la jirani.

Tangu Novemba kuna jambo jipya jikoni. Oighrig akiosha vyombo, Tormod husimama karibu na dirisha na kutoa mstari. Oighrig huitikia akiwa amempa mgongo, asimwone midomo. Kila wiki hupunguza sauti kidogo. Mara nne za mwisho, Tormod hakumkata hata mara moja.

"Miaka thelathini ya 'funga mlango' haijawahi kumfikia," anasema Oighrig. "Zaburi ninayoimba kwa kunong'ona anaisikia."

Mchungaji ameshamwomba atoe zaburi Jumapili ya Meza ya Bwana, mwezi wa Machi. Ruairidh mwenyewe ndiye aliyependekeza. Tormod hajakubali wala hajakataa. Akiulizwa, anaangalia mikono yake.

"Natamani," anasema. "Nitajaribu zaburi moja, fupi. Lakini Oighrig ni mtu mmoja. Kule ni kanisa zima, na niliwakata. Mtu uliyemkata haitikii tena kwa moyo uleule."

Mimi hukaa benchi la nyuma, na wanawake wenzangu, na nilikuwapo Jumapili ile. Nilimsikiliza hapo jikoni kwake, nikanywa chai yake, nikaaga. Nilichopaswa kumwambia hakikutoka mdomoni, kwa hiyo nakiandika hapa.

Tangu alipokaa, sisi wa benchi la nyuma huchelewa kuitikia. Ruairidh anadhani tumezeeka. Hatujazeeka. Mstari ukishatolewa huwa tunanyamaza kidogo, kwa mazoea, tukingoja ile sauti ya Tormod.