Msusi Aliyesalimiwa Dirishani

Mtaani walimwita Vidole, kwa jinsi alivyosuka nywele haraka. Saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ilipompata, akaanzishiwa mionzi, na damu yake ikawa inapimwa kila mara.

"Mionzi inauchoma uvimbe," daktari alimweleza, "lakini inapunguza pia chembe nyeupe, askari wa mwili wako. Mafua ya mtu tu yanaweza kukulaza. Kaa mbali na watu."

Ulinzi akaubeba wifi yake. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akimzuia kila aliyekuja kumjulia hali. "Shoga, salamu pitisha dirishani, mafua rudi nayo kwako!" Vidole alikuwa hoi kitandani, lakini alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Miezi ikapita, askari wakaongezeka polepole. Siku ya majibu, daktari alirudia kuitazama picha ya kipimo, kisha akatabasamu.

"Uvimbe hauonekani tena. Mionzi imeupiga, na huenda askari wako waliobaki walimtambua adui, wakammalizia."

"Wachache vile?"

"Wachache vile vile."

Vidole akapiga vigelegele hata wauguzi wakatoka vyumbani. Wifi akaitikia kwa sauti kubwa zaidi, wakashikana mikono, wakaenda moja kwa moja kufungua saluni ya Vidole, iliyofungwa tangu augue.