Kiti Chenye Bonge

Mtaani walimwita Mama Sponji, na yeye hakuchukia. Miaka thelathini na tano ya kushona makochi na kujaza viti si mchezo. Jina la kazi humganda mtu kuliko lile alilopewa na wazazi. Na huyu, kusema kweli, mzazi aliyemjua ni mmoja tu. Mama yake alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja na nusu, akalelewa na baba, fundi viti wa mkono wa kushoto, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni.

Picha ya mama haikuwepo hata moja. Utotoni, kila alipoona mtoto mwenzake ameegemea kifua cha mama yake, alisimama kuwatazama mpaka afukuzwe. Alikua, akaolewa, akazaa wanne, na bado alikuwa hajaacha tabia hiyo, isipokuwa siku hizi hakuna wa kumfukuza mtu mzima.

Wiki ya mwisho ya ugonjwa wake, mzee alimwita karibu na kitanda.

"Mwanangu, ile nguo ya mama yako," alisema. "Kuiweka ndani nilishindwa. Kuitupa nilishindwa. Wakati ule nilikuwa najaza viti sita vya lile jumba la kilimani. Nikaikunja, nikaitia ndani ya kimoja."

Kiti gani? Nguo ya rangi gani? Mzee alishapitiwa na usingizi, na kesho yake hakuamka. Baba zetu ndivyo walivyo: jambo wamelifungia kifuani miaka thelathini, halafu wanakutobolea siri mguu wao mmoja ukiwa kaburini.

Tangu hapo Mama Sponji alilitamani lile jumba kama wengine wanavyotamani kwao. Mara mbili alikwenda kuomba kazi ya viti, na mara zote mbili safari yake iliishia getini. Kisha wenye jumba wakahama, ukoo ukatawanyika, na nyumba ikageuzwa makumbusho ya sanaa. Sasa ukishika tiketi unaingia kwa mlango wa mbele kama mkwe anayependwa. Jumanne moja alifunga karakana, akavaa vile viatu vyake vinavyombana, akapiga moyo konde.

Ndani kulikuwa na sakafu ya marumaru, ngazi pana, na picha za watu walionona ndani ya fremu za dhahabu, wakimtazama kana kwamba ameingia bila kubisha hodi. Alipita vyumba vitatu bila kugeuza shingo. Katika chumba cha kulia alikuta meza ndefu iliyozungushiwa kamba nyekundu, na viti vyake. Akapiga magoti, akainamisha kichwa chini ya kamba.

"Mama, picha ziko ukutani," alisema msimamizi wa chumba, mwanamume wa makamo mwenye sare, aliyekuwa ameketi kwenye kona.

"Nimeziona, baba. Hazina haraka."

Alikuwa anatafuta misumari. Baba yake alipopiga nyundo kwa kushoto, vichwa vyote viliinamia upande mmoja, kama watu wanaosikiliza umbea wa jirani. Lakini kiti cha kwanza hakikuwa na msumari hata mmoja. Kitambaa kilibanwa kwa pini za mashine. Cha pili vilevile. Cha tatu, cha nne, cha tano.

"Hivi vimejazwa upya?"

"Vyote, mama, walipokarabati. Yale matakataka ya ndani yalichomwa moto huko nyuma."

Akakaa pale pale sakafuni. Matakataka! Alitamani kumzaba mtu kibao, ila hakujua amzabe nani. Mtu analiliaje nguo ambayo hata rangi yake haijui? Akaililia hivyo hivyo.

Msimamizi alishtuka, akainuka mbio na kuvuta kiti chake mwenyewe. "Pole, mama yangu, pole. Njoo ukae hapa. Kina bonge, lakini kitakusaidia. Mguu ulikuwa umevunjika, wakaona hakifai kuonyeshwa, wakaugonga, wakanipa mimi. Mwaka wa pili huu bonge linaniumiza paja."

Mama Sponji aliacha kulia. Kiti cha sita. Akakiinamisha, akaangalia chini yake: vichwa vya misumari vimeinama, vyote, upande mmoja.

Na baba yake hakuwahi kuacha bonge ndani ya kiti. Angelala njaa kwanza. Alibonyeza kwa vidole vile vilivyozoea. Pamba. Pamba. Kisha kitu kilichokunjwa, na juu yake vifungo vidogo vinne vilivyojipanga.

"Kumbe wewe ni fundi?" msimamizi akauliza.

"Ni fundi."

"Basi dua yangu imejibiwa! Nitolee hilo bonge, mama. Mkasi ninao, na mkubwa wangu leo hayupo."

Aliupokea mkasi. Kung'oa misumari minne kungetosha, naye angeijua rangi. Usiku mwingi ameota mwanamke asiye na sura, kila mara amevaa rangi nyingine. Alisimama na mkasi mkononi. Halafu akakisimamisha kiti, akageuka, akakaa polepole kwa uzito wake wote. Akajisogeza mpaka bonge likamkaa ubavuni mwa paja, akaegemea nyuma, akafumba macho. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

Msimamizi alingoja. Akakohoa. Akangoja tena.

"Sasa, mama, unalitoa, au nilitoe mwenyewe?"

"Mwache," alisema Mama Sponji.

"Nimwache nani?"

"Mwache kwanza, baba. Ananipakata."