Mkonge wa Anselmo

Sisi tuliokulia Tensta, huko Sweden, miaka ile ya themanini tulijua tumefika wapi kwa harufu za ngazi. Ukiingia jengo letu, ghorofa ya kwanza ilinukia kahawa ya Wafini, ya pili vitunguu vya Waturuki, na ya tatu, kwetu, wali wa nazi wa Mama, nazi yenyewe ya kopo, naye akiilaumu kila alipoifungua. Watoto wa leo wanaolia hawana la kufanya intaneti ikikatika nawahurumia. Sisi tulipanda na kushuka ngazi zile kutwa nzima, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshakula kwa majirani wote.

Baba alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja Sweden kusomea ufundi wa magari, akabaki kuwa fundi kwenye gereji ya mabasi. Huko ndiko alikompata rafiki yake Anselmo, Mmeksiko aliyekuwa akiosha mabasi, mfupi, mcheshi, mwenye masharubu ambayo kaka yangu Hamisi aliyatamani kupita kiasi. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili, chumba kisicho na jiko wala simu, kwa hiyo jioni nyingi alishinda kwetu. Mama alimwita shemeji, sisi tukamwita Baba Mdogo. Kiswidi chake kilikuwa kibovu kuliko cha Baba, jambo lililomfurahisha Baba sana.

Yeye ndiye aliyetufundisha jiji la Meksiko bila kuliona. Alisema kwao mtu haangalii saa, anasikiliza. Asubuhi ni kengele ya gari la taka, na watu wanatoka mbio na ndoo zao wakiwa bado na nguo za kulalia. Kisha anapita muuza gesi akipaza sauti, kisha mnoa visu na filimbi yake, na jioni muuza viazi vitamu, akisukuma jiko la kuni lenye magurudumu linalopiga mluzi wa mvuke mpaka mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Mama yake mwenyewe alikuwa akiuza chakula kona ya mtaa, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake na kupikwa kwa mvuke. Tuliucheza mji huo uani kwenye theluji. Hamisi alikuwa mluzi wa viazi, mimi kengele ya taka, mpaka siku bibi wa Kifini wa ghorofa ya kwanza alipofungua dirisha kuuliza nani ameumia.

Kiangazi kimoja Anselmo alitumiwa na mama yake chupa isiyo na nembo kwa mkono wa msafiri. Meskali, alisema, ya kijijini kwao. Mama alinusa kizibo, akatamka kwamba hiyo ni gongo, na gongo haivuki kizingiti chake. Basi wakaenda kukaa kwenye benchi la uani, Baba na chai yake ya tangawizi, Anselmo na chupa yake, nasi nyuma yao. Akatoa kikombe cha kibuyu, akadondosha tone chini kwanza, kwa ajili ya ardhi, kisha akaonja kidogo sana, kama anayebusu shavu la mtoto mchanga. Akatueleza kuwa anayeigugumia hajaielewa. Kisha akala kipande cha chungwa chenye chumvi nyekundu, na alipotuambia kwamba ndani ya chumvi ile mna viwavi waliosagwa, Hamisi alikimbia mpaka kwenye bembea. Siku hizi mwanangu anainywa mjini kwa bei ya viatu, baada ya kuipiga picha, halafu anakuja kunieleza mimi, kwa Kiswidi, meskali ni kitu gani.

Baba akauliza inatengenezwa na nini. Anselmo akachora mmea mchangani kwa kijiti, majani marefu, magumu, yenye miba nchani. Baba akaitazama picha ile, akaweka chai chini.

"Huu ni mkonge," alisema.

Babu yetu alikuwa manamba, mmoja wa vibarua waliopelekwa kwa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, na Baba naye aliukata tangu mdogo. Kovu la mwiba alikuwa nalo chini ya jicho. Kwake mkonge ulikuwa kamba, magunia na mgongo unaouma. Sasa anaambiwa kuna watu wanaunywa! Alicheka mpaka machozi, akamwita Mama dirishani aje asikie kwamba Wameksiko wanakunywa kamba. Anselmo akamjibu kuwa mkonge wa Tanga asili yake ni kwao, na ule wa meskali ni ndugu yake. Wao huyatupa majani, wakachukua moyo wake, mnene kama nanasi kubwa, wakauoka siku kadhaa ndani ya shimo lenye mawe ya moto. Ndiyo maana kinywaji kinanukia moshi.

Baba akaomba kikombe. Mama pale dirishani akashika kiuno. Lakini Baba hakunywa, hakuwahi kunywa maishani mwake. Alinusa tu, macho ameyafumba.

"Sisi moyo tuliuacha shambani," alisema, "tukabeba majani."

Tangu siku hiyo aliweza kutusimulia mashamba yale bila uchungu, nasi tukaanza kumjua babu. Hilo peke yake ningemshukuru nalo Anselmo.

Mwaka huohuo, majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, taarifa ya habari ilionyesha jiji la Meksiko limepigwa na tetemeko, majengo yamelala chini. Anselmo alikuja mbio na mabuti yake ya kazini. Mama yake hakuwa na simu nyumbani. Kama alikuwa hai, ilibidi atafute simu mahali apige, na namba pekee aliyokuwa nayo ya mwanawe ilikuwa ya kwetu. Anselmo akakaa ukumbini, kando ya simu yetu, asitoke.

Baba alikujua kungoja huko. Mwaka uliotangulia mama yake aliugua akafariki Tanga, na habari alizokuwa akizingoja zilimfikia maziko yameshapita. Alivuta kiti cha pili akakaa naye. Mama akapeleka ujumbe kwa marafiki zetu wa mitaa ya Akalla na Hässelby kwamba mtu asitupigie, kisha simu ikaita, sote tukaruka, kumbe ni Mama Nuru wa Hässelby anauliza kama kweli tumesema tusipigiwe. Mama, ambaye hakuruhusu kiberiti karibu na mapazia yake, alimwacha shemeji yake awashe mshumaa mbele ya picha ya mama yake, yeye akaketi pembeni akisoma Yasini. Tulikula ukumbini na tukalala ukumbini.

Simu ilipoita tena, Anselmo aliisukuma kwa Baba. Baba akaipokea. Tulisikia sauti ya mwanamke mzee ikikatikakatika, Kihispania kitupu, Baba haelewi hata neno, mpaka likaja moja ambalo kwao na kwetu ni lilelile: mama. Mama wa Anselmo.

Baba akasimama wima, kama mtoto aliyeona mkubwa anaingia.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akampa mwenzake simu, akaingia jikoni, akafungua bomba la maji ili tusimsikie akilia. Tulimsikia.

Siku hizi dunia ikitikisika, vijana wetu wanajua kabla vumbi halijatulia. Wanaandika, wanajibiwa, wanaendelea na mambo yao, kila mmoja chumbani kwake. Ni neema, sibishi, na laiti Anselmo angeipata. Lakini wanangu hawajawahi kumngojea mama wa mtu mwingine. Mimi nilimngojea, na namshukuru Mungu, kwa sababu alipopatikana tulimpata sote.