Macho ya Mfinyanzi

Juzi nilichoma vyungu vyangu vya kwanza hapa uani kwetu, mtaa wa Nyasubi mjini Kahama, na jioni nilipojitazama kwenye kioo nikakuta macho yamekuwa mekundu kabisa. Nikacheka, rafiki yangu. Halafu nikaogopa, nikaenda kufunga mlango kwa komeo na jua hata halijazama.

Hofu ile nimeirithi. Utotoni niliishi na bibi mzaa mama, kijijini huko Shinyanga. Alikuwa mfinyanzi. Kazi yangu ilikuwa kuponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, maana alivichanganya kwenye udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Nikichoka ananipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na kunitania kwamba meno yangu yanaponda vizuri kuliko mikono. Siku ya kuchoma tulirundika nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, moshi ukatanda uwanja mzima, naye yuko katikati anageuza vyungu. Miaka yote ile ya moshi ilimwachia macho mekundu.

Kisha mtoto wa jirani akafa. Watu wakasema ni macho yale, bibi ni mchawi. Walimuua kwa mapanga wakati mimi niko likizo kwa mama, huku Kahama. Sikurudi tena.

Tangu hapo mama hakumtaja. Alipikia mkaa tu, na mimi marufuku kusogelea jiko. Wenzangu walikaguliwa kucha shuleni. Mimi nilikaguliwa macho nyumbani kila asubuhi, kope ikivutwa chini. Nikifinyanga hata ng'ombe wa matope, anamkanyaga. Upweke wa nyumba ile, we acha tu.

Juzi mama hakuwepo, kwa hiyo leo nilipowasha moto tena yeye akiwa ndani, nilijua anaweza kunisusa kabisa. Alitokea mlangoni, mzee sasa, akasimama. Nikampa shikamoo. Akavuta kigoda, akakaa upande uleule moshi unakoelekea.

"Mayu, utaumia macho," nikamwambia mama.

"Wakija, watukute wawili."

Ndipo akamtaja bibi kwa jina, polepole, kama anayelijaribu mdomoni. Nililia, na sisingizii moshi. Chungu cha bibi hata kimoja hakijabaki popote, na siku hizi kila nyumba ina ndoo za plastiki. Tulikaa pale mpaka majivu yakapoa. Hakuna aliyekuja, hata wa kununua.