Bunduki Yangu Kwenye Mirathi ya Mume Wangu

Shemeji yangu alichukua bunduki zangu siku tuliyoanua matanga ya mume wangu, na alizichukua kwa baraka za ukoo mzima. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na simwombi mtu radhi.

Kikao kilifanyika sebuleni kwangu, Annandale, Virginia, Jumamosi mchana. Baba mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikiongoza kutoka Iringa kwa simu ya video, simu yenyewe tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mimi nilikaa mkekani na kitenge changu, kimya, kwa sababu kwao mjane hasemi neno wakati vitu vya marehemu vinagawiwa. Suti zikagawiwa. Saa ikaenda kwa mpwa wake. Koti la baridi likazua ubishi wa nusu saa. Baada ya hapo niliinuka kwenda kupakua pilau, na nikiwa jikoni nikasikia watu wanapiga makofi. Nilidhani wamefika mwisho.

Wageni walipoondoka, binti yangu alinifuata nikisugua sufuria. Kiswahili anakielewa vizuri, ila kukijibu ni kwa Kiingereza tu.

"Mom, Uncle took your guns. Both of them."

Nilishuka chini mbio na mikono yenye povu. Kabati la chuma lilikuwa wazi, na funguo za marehemu zinaning'inia mlangoni. Ufunguo wa akiba nilimpa mwenyewe, kwa sababu ni mume wangu.

Bunduki zile zilikuwa zangu. Bunduki ndefu na bastola ya silinda, zote mbili zinakula risasi ileile: ishirini na mbili magnamu, nyembamba kama kalamu ya risasi, ila ni ndefu kidogo na ina baruti zaidi kuliko ishirini na mbili ya kawaida. Pakiti moja inalisha zote mbili. Wanaume wa kiwanja cha shabaha walikuwa wakinicheka, eti nimekuja kuua panya. Wacheke. Mimi wiki nzima nanyanyua wazee kutoka kitandani, nawageuza, nawaosha, na viganja vyangu Ijumaa jioni haviwezi hata kufungua chupa ya maji. Bastola kubwa ingenimaliza. Hii yangu inalia kwa ukali, halafu inatulia mkononi. Navuta nyundo kwa dole gumba, nasikia silinda inageuka, nashusha pumzi, na kwa muda ule mdogo hakuna anayeniita, hakuna kengele ya mgonjwa, hakuna anayetaka nimbadilishe shuka. Nilikuwa napenda hilo kuliko ninavyoweza kueleza kanisani.

Na mume wangu? Mume wangu hajawahi kufyatua hata risasi moja. Siku ya kwanza mlio ulimrusha mpaka akamwaga chai yake. Tangu hapo alinisubiri kwenye gari, vioo amefunga, redio amewasha. Nikitoka ananipokea begi, anaikunjua karatasi yangu ya shabaha kwenye boneti na kuhesabu matundu. "Sita kati ya sita," anasema, kama kwamba yeye ndiye aliyelenga.

Kesho yake baada ya ibada niliendesha gari hadi Riverdale Park, Maryland, anakoishi shemeji. Njiani, pale Langley Park, nilikwama kwenye foleni ya ujenzi wa reli, mabasi yamesongamana mbele yangu, nami muda wote nafanya mazoezi ya matusi. Nilipofika alinifungulia kwa tabasamu.

"Karibu shem! Kaa tunywe chai."

"Sikuja kunywa chai. Nimefuata bunduki zangu."

"Zako?" Akacheka. "Shem, una-stress, pole. Kikao kimeshapita. Baba mdogo mwenyewe ame-approve. Bunduki ya mwanaume inaenda kwa mwanaume."

"Una kibali cha bastola hapa Maryland?"

"Nita-apply tu."

"Uta-apply ukiwa mahabusu? Umevuka daraja na bastola ya mtu, hapa siyo Virginia. Wakikukamata nayo, jina litakalotoka ni langu!"

Nikambwagia mezani karatasi za ununuzi zenye jina langu. Alizisoma, akazigeuza, akazisoma tena. Tabasamu likamtoka. Nilidhani ataomba msamaha. Badala yake alichukua simu yake, akatafuta kitu, akaniwekea mbele ya uso.

"Sasa shem, hii ni nini?"

Ilikuwa picha ya mume wangu. Bunduki yangu iko begani kwake, viziba masikio vyangu vya njano viko shingoni mwake, na mkono wa kushoto umeshika karatasi yenye matundu sita. Chini yake alikuwa amewaandikia wanaume wa ukoo kwenye kundi lao: "Bunduki yangu mpya. Mzee sikosi."

Niliikumbuka siku ile. Alishuka kwenye gari akaniambia, "Hebu nipige picha moja nikiwa nayo." Nikampiga mimi mwenyewe, tukicheka wote wawili. Kumbe nilikuwa napiga ushahidi dhidi yangu. Na haikuwa moja. Shemeji aliendelea kuzisogeza kwa kidole, picha baada ya picha, Jumamosi zangu zote za miaka, na kwenye kila picha yuko marehemu na karatasi yangu ya shabaha.

Shemeji alikwenda chumbani, akaniletea begi la bunduki na boksi la bastola. Sauti yake sasa ilikuwa ya upole.

"Chukua, shem. Ila nyumbani tusiseme. Mwache bro apumzike na heshima yake."

"Na yangu?"

Alinishikia mlango.

Nilivifungia vitu vyangu kwenye buti, nikarudi kwenye foleni ileile, na huko nikamgombeza marehemu kwa sauti mpaka dereva wa pembeni akageuka kunitazama. Nilimwita mwongo. Nilimwuliza aibu ilikuwa ipi, kwamba mke wake ana shabaha au kwamba yeye anaogopa mlio? Mimi sikuwahi kumcheka kwa kuogopa. Siku arobaini nilikuwa nimelia kwa huzuni. Siku ile nililia kwa hasira, na nakwambia machozi ya hasira yanachoma zaidi. Marehemu hasemwi vibaya, najua. Lakini yeye alinisema vibaya angali hai, kwa kutonitaja kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kiwanjani peke yangu. Nilipiga sita kwa bastola, zote zikaingia pale katikati, nikamwomba mhudumu anipige picha. Nikaituma kwenye kundi la ukoo mzima, wanaume na wanawake, pamoja na maneno manne tu: "Bunduki yangu. Mkono wangu."

Kisha likaja jibu la baba mdogo kutoka Iringa, na maua matatu mwishoni: "Hongera sana, mama. Marehemu alikufundisha vizuri."

Nililisoma nikiwa nimesimama pale na harufu ya baruti vidoleni. Wifi wawili walikuwa wameshaweka maua yao chini ya yale ya baba mdogo. Niligeuka kutazama kwenye maegesho, bila kufikiri, kama nilivyokuwa nikigeuka kila mara. Gari lilikuwa tupu.

Nikaandika: "Baba, marehemu alikuwa anaogopa mlio. Hakuwahi kupiga hata moja. Alikuwa ananisubiri kwenye gari."

Nikatuma.